Kiraka kimoja, matawi matano

Mwaka 2019 kiraka kidogo mno, yaani rekebisho la msimbo, kiliteremshwa kutoka toleo jipya la Linux kwenda matoleo ya zamani. Kazi yake ilikuwa kuziba upenyo mmoja wa Spectre, ile kasoro ya prosesa iliyotangazwa Januari 2018, ambayo humwezesha mtu kuichokoza prosesa ikimbilie mbele kwa kukisia, iguse sehemu ya kumbukumbu isiyostahili kuguswa, kisha iache nyayo zinazosomeka. Dawa yenyewe ilikaa kwenye mistari miwili. Wa kwanza unaibana namba ya nafasi isivuke mpaka wa safu, yaani orodha ya vitu kwenye kumbukumbu. Wa pili unaitumia namba hiyo kuchukua kitu ndani ya safu. Bana kwanza, ndipo utumie.

Kiraka kilipofika chini, mistari ile ilikuwa imebadilishana nafasi. Ikawa tumia kwanza, bana baadaye. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haikulalamika, tena ni rahisi kuelewa kwa nini mtu aigeuze hivyo: desturi ya msimbo wa C wa Linux ni kutangaza vigeuzo juu kabisa ya bloku, na mpangilio uliogeuzwa ndio unaonyamazisha onyo. Kosa hilo liliingia katika matawi ya matoleo 4.4, 4.9, 4.14, 4.19 na 5.2, likaandikishwa kwenye orodha ya kasoro za usalama kwa namba CVE-2019-15902. Kwenye tawi kuu, mkondo wa msimbo ambamo kazi mpya huingia, mistari ilikaa sawasawa muda wote. Waliokuwa wazi ni watu wa matoleo ya zamani, walewale waliopelekewa dawa.

Kisa hiki huwa namsimulia kila mwenzangu anayesema kuhamisha mabadiliko kutoka tawi hadi tawi ni kazi ya skripti ya mistari kumi. Hakosei sana. Kubeba kunahitaji mistari kumi kweli. Lakini mzigo ukishafika, kuna mtu anapaswa kuufungua na kuangalia kama kilichofika ndicho kilichotumwa, na hapo ndipo timu nyingi hulala usingizi.

Tuseme mnatengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS. Kazi mpya inaendelea kwenye tawi kuu. Kando yake kuna tawi la 2.5 ambalo wateja wengi wanalitumia, na tawi la 2.4 kwa wale wasiotaka kupanda toleo kabla ya kufunga mahesabu ya mwaka. Asubuhi moja mhasibu anapiga simu: riba inakatwa senti za mwisho badala ya kuzungushwa. Mnachunguza, mnakuta hitilafu ipo kote. Rekebisho ni moja, mahali pa kuliweka ni patatu.

Kuna njia mbili za kulifikisha, na zinaelekea pande tofauti.

Watengenezaji wa lugha ya programu ya Python wamezipitia zote mbili. Hadi mwanzoni mwa 2017 walitumia Mercurial, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, na utaratibu wao ulikuwa kupanda: rekebisha kwenye tawi la zamani kabisa linalohusika, kisha unganisha kwenda juu, 3.5 iingie 3.6, na 3.6 iingie tawi la maendeleo. Raha ya njia hii ni kwamba historia yenyewe ina kumbukumbu. Ukitaka kujua kama rekebisho la chini limefika juu, huhitaji daftari la pembeni, kwa kuwa komiti, yaani badiliko lililowekwa kwenye historia, ni ileile na mfumo unaiona. Karaha yake ni foleni. Ukiunganisha, unabeba kila kilichokutangulia. Mwenzako akiacha komiti yake 3.5 bila kuipandisha, ukija wewe na kirekebisho chako cha herufi moja unajikuta unatatua migongano yake. Na mchangiaji mgeni analazimika kujua hitilafu ilianzia toleo gani kabla hajaandika mstari hata mmoja.

Februari 2017 walihamia Git, mfumo mwingine wa aina hiyo, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, wakageuza mwelekeo. Sasa rekebisho linaingia tawi kuu kwanza, halafu linateremshwa. Linux nayo inateremsha: kiraka hakipokelewi kwenye tawi la zamani mpaka chenyewe, au kinacholingana nacho, kiwe kimeshaingia kwenye tawi kuu la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Sababu ni ya kawaida kabisa. Ukirekebisha toleo la zamani ukasahau jipya, mteja atakayepanda toleo mwakani atakutana tena na hitilafu aliyokwisha kuizika.

Kuteremsha huko Git inakuita `cherry-pick`: unachuma tunda moja na kuuacha mti ulivyo. Wengi hudhani amri hiyo inachukua tofauti ya mistari na kuibandika kwenye faili, kama fundi cherehani anavyobandika kiraka kwenye suruali. Ndani yake kuna jambo jingine. Git huchukua picha tatu: msimbo ulivyokuwa kabla ya komiti ile, ulivyokuwa baada yake, na ulivyo sasa kwenye tawi lako. Palipofanana kabla na baada, inaacha msimbo wako kama ulivyo. Palipobadilika, ikiwa tawi lako bado linafanana na kabla, inaweka mapya. Picha zote tatu zikitofautiana mahali pamoja, inasimama na kukuitia mgongano.

Katika hatua zote hizo, hakuna hata moja ambayo Git inauliza msimbo unafanya nini. Rudi kwenye SACCOS. Kwenye tawi kuu mlikwisha badilisha mfumo ili kiasi cha fedha kihifadhiwe kwa senti, namba kamili isiyo na nukta. Kwenye 2.4 bado kinahifadhiwa kwa shilingi. Rekebisho la riba, lililoandikwa juu, linagawanya kwa 100 mwishoni. Mistari inayolizunguka haijawahi kuguswa, hivyo linashuka hadi 2.4 bila mgongano wowote, kompaila inalipitisha, na mkopaji aliyetakiwa kulipa riba ya shilingi 12,000 anadaiwa 120. Mgongano ungekuwa na huruma zaidi. Mgongano unamwamsha mtu.

Kuna kushindwa kwingine ambako hakusumbui sana, kwa sababu kunaonekana mapema: komiti unayoichuma inaita fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) iliyoletwa na komiti nyingine, na hiyo nyingine hukuichuma. Kompaila itapiga kelele. Watu wa Linux wana namna ya kulizuia hili kwa maandishi tu. Mwandishi wa kiraka anapoweka chini ya ujumbe wake mstari wa `Cc:` unaoelekea kwenye anwani ya stable, ya watunzaji wa matawi ya matoleo, anaweza kuongeza pale pale komiti zinazopaswa kutangulia. Na mstari wa `Fixes:` unaitaja komiti iliyoleta hitilafu, kwa herufi 12 za mwanzo za alama yake, ule mfuatano mrefu unaoitambulisha.

Mstari huo wa `Fixes:` ni hazina kwa mtu wa otomatiki. Mashine inaweza kuuliza swali jepesi: je, tawi hili lina mkosaji? Kama linaye, linahitaji rekebisho. Kama halina, usilitibu lisiloumwa. Inaonekana swali limekwisha, mpaka ukumbuke kwamba mkosaji mwenyewe naye huenda aliwahi kuteremshwa kwenye tawi lile kama nakala. Akiwa nakala, ana alama tofauti. Utaambiwa hayupo, kumbe amekaa sebuleni kwa jina jingine.

Alama ya komiti hukokotolewa kutokana na vitu vyote vilivyomo: hali ya faili zote, mzazi, mwandishi, aliyeiweka, saa, ujumbe. Nakala iliyoteremshwa ina mzazi mwingine, basi alama yake lazima iwe nyingine. Kwa Git hizo ni komiti mbili zisizojuana. Njia ya kwanza ya kuziunganisha tena ni `git patch-id`, amri inayokokotoa alama ya mabadiliko peke yake, bila kujali nafasi tupu wala namba za mistari. Amri ya `git cherry` huitumia kukuonyesha nini bado hakijafika upande wa pili. Inafaa, lakini ukigusa mstari mmoja tu wakati wa kutatua mgongano, alama hiyo nayo inabadilika na ukoo unapotea.

Kwa hiyo andika. Ukitumia `git cherry-pick -x`, ujumbe wa nakala unaongezwa mstari unaotaja komiti ya asili. Linux ina desturi yake: nakala huanza kwa mstari unaosema hii ni komiti fulani ya juu. Kwa maoni yangu, roboti ya kuteremsha, yaani programu inayofanya kazi hiyo yenyewe, ambayo haiachi mstari huo ni bora isiwepo, maana baada ya miezi sita hakuna atakayejua kilichofika na kisichofika, na mtaanza kuchuma upya vitu vilivyokwisha kuchumwa.

Watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL wamekwenda njia nyingine kabisa, na naipenda kwa ukaidi wake. Kila toleo kubwa wanalitunza kwa miaka 5, hivyo wakati wowote kuna matawi kama matano ya zamani pamoja na tawi kuu. Mwenye ruhusa ya kuweka komiti hatarajiwi kuiachia mashine. Anaandaa rekebisho kwa kila tawi mwenyewe, anajaribu kila tawi, halafu anasukuma yote kwa mara moja, ujumbe ukiwa uleule neno kwa neno. Kisha skripti yao ndogo, `git_changelog`, inazikusanya komiti zenye mwandishi mmoja, ujumbe mmoja na muda unaokaribiana, na kuzihesabu kuwa kitu kimoja. Yaani walichokiotomatisha ni utunzaji wa kumbukumbu, wakaacha ubebaji mikononi mwa watu. Timu nyingi zimefanya kinyume chake.

Kabla sijafika kwenye roboti, kuna mtego mmoja wa kuchuma ambao unastahili kutajwa kwa sababu hauonekani hata kwa mtu makini. Unawapata wenye matawi ambayo siku moja yataunganishwa. Mstari unasema A kwenye matawi yote mawili. Kwenye tawi la kazi mnaubadilisha kuwa B, na kwa kuwa ni haraka, mnaichuma komiti hiyo kwenda tawi kuu. Wiki inayofuata mnagundua B ni mbaya, mnaurudisha kuwa A kwenye tawi la kazi, mkijua muungano ujao utapeleka marejesho hayo tawi kuu. Muungano unakuja. Git inatazama chanzo cha pamoja: A. Tawi la kazi: A. Tawi kuu: B. Kwa macho yake, upande wa kazi haukufanya kitu na upande mkuu ulibadilisha, basi anayebaki ni B. Hakuna mgongano, hakuna onyo. Ndiyo maana matawi ya matoleo, ambayo hayaungani tena na tawi kuu maisha yao yote, yanavumilia kuchuma kuliko matawi ya kazi.

Sasa roboti yenyewe. Swali la kwanza ni nani anaamua nini kishuke, na Python walilijibu kwa lebo. Anayekagua ombi la kuunganisha (pull request) anabandika lebo inayotaja toleo linalohitaji nakala. Ombi likishaunganishwa, roboti inayoitwa miss-islington, iliyoandikwa na Mariatta Wijaya, inachuma komiti, inafungua ombi jipya kwenye tawi la toleo hilo, na kuweka namba ya toleo kwenye mabano ya mraba mwanzoni mwa kichwa. Kinachorahisisha kazi ni kwamba Python hukandamiza kila ombi kuwa komiti moja wakati wa kuliunganisha. Ombi moja, komiti moja, tunda moja. Timu inayoacha komiti za muungano kwenye tawi kuu itabidi iiambie Git, kwa `-m 1`, ni mzazi yupi ahesabiwe kuwa ndiye kabla, na roboti yake itakuwa na mlolongo mrefu wa masharti kuliko ilivyotarajia.

Uamuzi huo wa lebo unafanywa na mtu aliyetoka kuusoma msimbo dakika hiyo hiyo, na sidhani kuna wakati mwingine bora. Linux ilijaribu kwenda mbali zaidi. Sasha Levin, mmoja wa watunzaji wa matawi thabiti pamoja na Greg Kroah-Hartman, alitengeneza AUTOSEL, mfumo wa kujifunza kwa mashine unaopitia komiti na kupendekeza zile zinazofanana na marekebisho ingawa mwandishi hakuzitia alama. Orodha hutumwa kwa barua pepe, na asiyepinga anahesabiwa kuridhia. Marekebisho mengi yaliyosahauliwa yameokolewa hivyo. Lakini kuna watunzaji wa sehemu nyeti, wale wa mfumo wa mafaili wa XFS wakiwemo, walioomba sehemu yao isiguswe na uteuzi wa mashine, kwa kuwa kosa kwenye mfumo wa mafaili linakula data ya watu. Mimi nawaunga mkono. Kanuni kwamba kimya ni ridhaa inafaa pale ambapo gharama ya kukosea ni kuanzisha mashine upya.

Ukiamua kujijengea roboti ndani ya GitHub, utajikwaa kwenye mawe matatu, na nitayataja kwa sababu kila mtu hujikwaa kwenye hayohayo. La kwanza: hatua ya kawaida ya kupakua msimbo huleta komiti moja tu ya mwisho. Git inaiona komiti hiyo kana kwamba haina mzazi, na bila mzazi hakuna picha ya kabla, basi kila faili inaonekana mpya na migongano inamwagika. Weka `fetch-depth: 0` upate historia nzima. La pili: ombi lililofunguliwa kwa tokeni (ufunguo wa ruhusa) ya kawaida ya mtiririko, yaani kazi inayojiendesha ndani ya GitHub, kwa kawaida haliamshi mitiririko mingine. Maana yake ombi la kuteremsha linazaliwa bila majaribio kukimbia, na mtu mwenye haraka akiona hakuna alama nyekundu anadhani mambo ni shwari. Tumia tokeni ya programu ya GitHub iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. La tatu ndilo la hatari. Maombi yanayotoka kwa wachangiaji wa nje hupewa tokeni ya kusoma tu, kwa hiyo watu hukimbilia `pull_request_target`, ambayo ina ruhusa za hifadhi yenyewe. Itumie kama lazima, na tu baada ya ombi kuunganishwa, lakini usikubali hata siku moja iendeshe msimbo uliotoka kwenye ombi ambalo hakuna aliyelikubali. Huko ni kumpa mpita njia funguo za duka.

Je, mgongano ukitokea? Nimeona roboti zinazochagua upande mmoja zenyewe ili kazi iendelee, na nimeona zinazoweka komiti pamoja na alama za mgongano ndani ya faili na kuomba mtu amalizie. Ya kwanza ni uzembe mtupu. Ya pili inavumilika ikiwa ombi limefunguliwa kama rasimu na haliwezi kuunganishwa. Roboti ya Python hufanya jambo la adabu zaidi: inasimama, inaacha maoni kwenye ombi la asili ikimtaja aliyeliunganisha, na kumwandikia amri kamili ya kuendesha kwenye kompyuta yake ili amalize kwa mkono. Mtu huyo bado anakumbuka msimbo. Ukimwachia kazi hiyo mtu wa matoleo wiki tatu baadaye, atatatua kwa kukisia.

Git ina msaada kwa wanaotatua mgongano uleule kwenye matawi mengi, unaoitwa `rerere`. Ukiuwasha, inakumbuka ulivyotatua mara ya kwanza na kurudia yenyewe mara ya pili. Kwenye matawi matano inakuokolea mchana mzima. Kumbuka tu kwamba inakumbuka na makosa kwa uaminifu uleule. Hata bila `rerere`, kosa moja la 2019 lilifika matawi matano kwa sababu nakala sahihi ya kitu kibaya bado ni nakala sahihi. Usiwashe kitu hicho kwenye mashine ya roboti ambako hakuna anayeangalia, na kwenye kompyuta yako soma matokeo kabla ya kuyaongeza.

Majaribio yatakamata makosa ya aina ya riba, mradi jaribio liwe ndani ya komiti ileile ya rekebisho na lishuke nalo. Jaribio linalodai 12,000 litaanguka kwenye 2.4 mara tu litakapopata 120. Mistari ya Spectre iliyogeuzwa isingeanguka kwenye jaribio lolote la kawaida, kwa sababu programu inatoa jibu lilelile. Kinachovuja kinavuja ndani ya prosesa.

Kwa hiyo kitu cha mwisho ninachokidai kwa roboti ni `git range-diff`, amri iliyoingia Git 2.19 mwaka 2018. Inapewa komiti ya asili na nakala yake, inalinganisha mabadiliko na mabadiliko, kisha inaonyesha tofauti kati ya hayo mawili peke yake:

`git range-diff asili^..asili nakala^..nakala`

Nakala isiyoguswa msimbo wala ujumbe inatoka na alama ya usawa, yenye mstari wa `-x` inaonyesha mstari huo tu wa ujumbe, na mkaguzi anaendelea na shughuli zake. Iliyoguswa inatoka na mistari iliyoguswa tu. Ikipishana mno na asili, amri inazihesabu kuwa komiti mbili zisizohusiana, na hilo nalo ni habari ya kutosha kumfanya mtu avute kiti. Roboti iliandike jibu hilo kama maoni ya kwanza kwenye kila ombi la kuteremsha, juu kabisa, kabla ya orodha ya faili. Kwa kiraka kile cha 2019, maoni hayo yangekuwa mafupi: mstari unaobana umeondolewa juu ya ule unaotumia, ukawekwa chini yake.